Kobe Hali Ugali: Tunachoweza Kumpandia na Tusichopaswa Kumpa

Haya ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi, walimu wa klabu za mazingira na watunza bustani wa hoteli na taasisi zinazofuga kobe kwa kibali. Tunayachapisha kwa ajili ya waliokosa kikao.

Nianze kwa kusema kwamba mimi ni mwanahabari, si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni kukusanya yale wanayoyajua maafisa wetu wa mifugo na wa kilimo, nikayaleta kwenu kwa lugha tunayoisema nyumbani. Maswali ya matibabu tutawaachia wenyewe, wameketi hapo pembeni.

Sisi wa Pwani tuna bahati ya kuwa na majina mawili. Wa baharini tunamwita kasa, wa nchi kavu tunamwita kobe. Leo hatumzungumzii kasa hata kidogo. Tunamzungumzia kobe, na hasa yule mkubwa mwenye gamba la madoadoa meusi na manjano kama ngozi ya chui, ambaye wengi wenu mmemwona akivuka barabara baada ya mvua.

Kabla ya chakula, sheria. Najua wengine mmekuja kusikia habari za mboga, lakini siwezi kuipita hii. Kobe ni mnyamapori. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, huwezi kumwokota kichakani, ukamweka uani, ukasema ni wako. Anayetoa kibali cha kumfuga ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kaunti haina mamlaka hayo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliacha ulinzi wa wanyamapori mikononi mwa serikali ya kitaifa. Sisi kaunti tulipewa kilimo, udhibiti wa magonjwa ya mifugo na mimea, na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa. Kwa hivyo mtu akija afisini kwetu kuomba kibali cha kobe, tutamwelekeza tu.

Swali linalotufikia mara nyingi ni hili: «Tayari ninaye. Baba aliniachia, au watoto walimwokota mwaka juzi. Nifanye nini?» Jibu ni kwamba nenda afisi ya KWS iliyo karibu nawe ueleze. Siwezi kuahidi watakachoamua, kwa sababu si uamuzi wangu. Lakini nawaomba msifanye jambo moja ambalo huonekana kama huruma: msimchukue usiku mkamtupe msituni. Kobe aliyekaa na watu na kuku kwa miaka anaweza kuwapelekea wenzake magonjwa ya mapafu, na pengine hata si wa sehemu hiyo. Mkamate vizuri, mpe maji na kivuli, mpe chakula kinachofaa, huku ukisubiri kuelekezwa. Na anayeuziwa kobe kando ya barabara asinunue, hata akimwonea imani. Ukinunua mmoja, muuzaji ataenda kutafuta wawili.

Sasa tuje sahanini.

Nikiuliza hapa kobe anakula nini, nusu ya ukumbi itasema kabeji na nyanya. Wengine watasema ugali, mkate, wali uliobaki. Na kweli atakula. Mpe chapati ataitafuna. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, kwa kudhani kwamba mnyama akikubali chakula basi kinamfaa. Kobe huyu mwenye madoa ni mnyama wa malisho. Porini chakula chake kikubwa ni nyasi, majani ya chini na mimea yenye majimaji kama mpungate na shubiri. Hana meno, ana mdomo mgumu wa kukatia. Tumbo lake husaga majani polepole kwa msaada wa vijidudu walio kwenye utumbo mpana, na chakula hukaa humo siku nyingi. Vijidudu hao wanataka nyuzinyuzi. Ukiwamwagia wanga na sukari, tumbo linachacha, linajaa gesi, na mnyama anaharisha.

Jambo la pili ni mifupa. Gamba la kobe si nyumba aliyoivaa. Ni mifupa yake, limeungana na mbavu na uti wa mgongo. Analijenga kwa kalsiamu. Wataalamu hupendekeza kalsiamu kwenye chakula chake iwe angalau mara mbili ya fosforasi. Mahindi, mkate na ndizi vina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, yaani kinyume kabisa. Kobe mdogo anayekuzwa kwa ugali na ndizi huota gamba laini linalobonyea ukiligusa kwa kidole, na miguu inayoshindwa kumbeba. Nyama, mayai, maziwa na chakula cha mbwa vina madhara yake pia: protini nyingi humkuza haraka kupita kiasi na kuzilemea figo zake. Porini kobe hawa huonekana wakitafuna mifupa mikavu, hata kinyesi cha fisi kilichokauka na kuwa cheupe, kwa sababu kimejaa unga wa mifupa. Mnacheka, lakini anajua anachokitafuta.

Basi kanuni ya kwanza: robo tatu ya anachokula iwe nyasi. Nyasi za kawaida za uani zinatosha, mradi hazijapuliziwa dawa. Majani machanga ya nepia yanafaa yakikatwakatwa. Wakati wa kiangazi, nyasi kavu mnazowawekea ng'ombe zinafaa pia, ukizinyunyizia maji kidogo. Mwenye uwanja wa nyasi uliozungushiwa ua, kazi yake kubwa imekwisha. Atamwachia kobe ajilishe, kisha amwongezee majani mengine.

Na hapa ndipo bustani inapoingia. Katika mimea yetu, mimi ningeanza na mchunga. Wazee hapa wanaufahamu, ni mboga chungu ya pembeni mwa shamba ambayo vijana wameanza kuikwepa. Kobe anaupenda na hauhitaji kupaliliwa. Kisha hibiskasi, ule mmea wa ua wenye maua mekundu makubwa. Maua yake na majani yake yote yanaliwa. Bogainvilia pia, maua na majani machanga, ila toa miiba. Mfurusadi, ambao watoto huwania matunda yake meusi, ndio ningempa cheo cha kwanza kwa mwenye nafasi, kwa sababu majani yake yana kalsiamu nyingi na hushika kwa kukata tawi na kulichomeka ardhini. Majani ya maboga na ya viazi vitamu yanafaa kwa kubadilishana. Mlenda vilevile. Majani ya mzunze yana kalsiamu nyingi lakini yana protini nyingi pia, kwa hivyo mpe kiganja kimoja mara mojamoja.

Mpungate nao ni chakula chake cha asili kule kwenye ukame, ingawa wenyewe si mmea wa asili wa Afrika. Chukua kipande kichanga, kipitishe motoni miiba iungue, ukikate vipande. Kina maji mengi na nyuzinyuzi. Ila sitawaambia muupande. Kule Laikipia mmea huu umevamia malisho hadi mifugo na ndovu wanaumia kwa miiba, na wafugaji wamehangaika nao miaka mingi. Ukiwa nao tayari, kata umlishe. Usiueneze, na vipande vilivyobaki usivitupe ovyo, kwa sababu kila kipande huota.

Sukuma wiki ina utata kidogo. Ina kalsiamu nyingi, inapatikana kila mahali, na mtu akiniuliza kuhusu majani mawili matatu kwa wiki nitasema hewala. Tatizo ni yule anayempa sukuma wiki na kabeji kila siku ya Mungu. Mboga za jamii hiyo zikiliwa mbichi kwa wingi huingilia kazi ya tezi ya shingoni. Spinachi nayo, yaani ile ya majani mapana tunayonunua sokoni, pamoja na mchicha, ina oksaleti nyingi. Oksaleti hushikana na kalsiamu, ikapita bila kufyonzwa mwilini. Kobe akiuma mchicha uliojiotea uani hatadhurika. Kuufanya mchicha kuwa chakula chake cha kila siku ndiko kunakomharibu gamba polepole, na mwenyewe hutaelewa kwa nini, maana unaona unampa mboga safi.

Naomba sasa mnisikilize vizuri, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayoua.

Kuna mboga zetu ambazo sisi tunakula salama kwa sababu ya sufuria. Kisamvu ni mfano. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi. Bibi zetu walilijua hilo bila maabara. Wakayatwanga kinuni, wakayachemsha muda mrefu. Kobe hapikiwi. Ukimtupia majani ya muhogo au maganda yake kama unavyomtupia taka za jikoni, unampa sumu. Mnavu ni hivyo hivyo. Sisi tunauchemsha, yeye angeula mbichi, na mbichi una sumu ya jamii yake. Majani ya nyanya, ya viazi vya mbatata, ya biringanya na ya pilipili yamo katika ukoo huo huo, yote yasimfikie. Mnanaha, ule wenye tunda la miiba na maua marefu meupe, ni hatari hata kwa binadamu.

Halafu kuna urembo. Hoteli nyingi na nyumba zenye bustani nzuri zimepanda olianda, ile nyekundu na nyeupe na ile ya manjano. Mmea mzima ni sumu ya moyo, kuanzia jani hadi tawi. Waridi la jangwani, lenye shina nene na maua ya waridi, nalo ni sumu. Katika sehemu nyingi za Afrika wawindaji wa kale waliutumia utomvu wake kupaka mishale. Mnyaa, ambao wengi tumeutumia kama ua wa boma, una maziwa yanayochoma macho na mdomo. Lantana, kile kichaka chenye vishada vya maua ya rangi mbili tatu, huharibu ini la mifugo. Mbarika una sumu kali kwenye mbegu. Na parachichi, ambalo mtu hawezi kulidhania, lina sumu kwenye majani, ganda na kokwa inayodhuru wanyama wengi. Mti wa parachichi ukiwa ndani ya ua wa kobe, zoa majani kila asubuhi au hamisha ua.

Wengine watasema: kobe wa porini huishi katikati ya mimea ya sumu, mbona hafi? Porini ana eneo kubwa la kuchagua. Uani kwako ana hatua thelathini. Akimaliza nyasi atajaribu kilichobaki. Ndiyo maana ninawaambia walimu na watunza bustani kwamba kabla ya kuuliza nipande nini, zunguka ua mara moja na jembe mkononi uondoe kisichofaa.

Dawa za kuua wadudu na magugu ni kisa kingine. Sukuma wiki iliyopuliziwa jana ni hatari kwake kama ilivyo kwa mtoto wako. Kibandiko cha chupa kinaeleza siku za kungoja kabla ya kuvuna, zifuateni. Nyasi za kando ya barabara kuu, ambako magari yanapita mchana na usiku, msimletee. Na okoteni takataka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini vipande vya zamani bado vinafukuliwa kila mvua ikinyesha, na kobe huvutwa na kitu chenye rangi kali. Plastiki ikiziba utumbo, hakuna jani litakalomsaidia.

Vitamutamu. Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu vyenyewe vinapaswa kuwa vidogo. Kwa kobe huyu wa nyasi, tunda si chakula, ni zawadi. Kipande cha papai, cha boga au cha tango, ukubwa wa kiganja cha mtoto kwa kobe mkubwa, mara moja kwa wiki mbili hivi. Ganda la ndani la tikiti maji lina sukari kidogo kuliko nyama yake nyekundu, basi mpe hilo. Embe zikianza kuanguka msimamini, maana atajishindilia. Ndizi, machungwa na ndimu achaneni navyo. Machicha ya nazi ni ya kuku. Yana mafuta mengi. Keki na biskuti ambazo wageni wa hoteli humtupia ili wapige picha zikatazwe kwa kibao kikubwa, na mlinzi apewe ruhusa ya kumwambia mgeni hapana. Nimeona hoteli ambako mlinzi huogopa kusema hivyo. Kama mgeni lazima alishe, wekeni kikapu cha maua ya hibiskasi mlangoni. Picha itapendeza zaidi.

Nitaje pia kwamba kobe wote si wamoja. Wapo wale wadogo ambao sehemu ya nyuma ya gamba lao hufunga kama mlango wenye bawaba. Hao hula pia uyoga, konokono na jongoo, na hupenda unyevu. Nyasi tupu haziwatoshi. Yupo kobe bapa wa miambani, anayepatikana sehemu kama Kitui, ambaye yuko hatarini kutoweka na ambaye tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imedhibitiwa kwa kiwango cha juu kabisa. Ukimwona huyo, usimguse. Na wale majitu wa pale Haller Park, Mombasa, asili yao ni kisiwa cha Aldabra huko Ushelisheli. Si wa mwitu wetu. Mmoja wao, Mzee, alipata sifa duniani baada ya tsunami ya Desemba 2004, kiboko mdogo aliyeokolewa karibu na Malindi, Owen, alipomng'ang'ania kama mzazi. Watoto wa shule bado wanamuulizia. Kinachonifurahisha mimi katika kisa hicho ni kwamba wahudumu walisema kiboko alijifunza kula kwa kumtazama kobe. Kwa hivyo hata kiboko alipata mwalimu wa kumwonyesha lishe.

Kalsiamu ya nyongeza tunayo bure. Nendeni ufukweni mkaokote mfupa wa ngisi, ule mweupe mwepesi unaoelea. Uloweke kwenye maji baridi siku mbili tatu ukibadilisha maji, chumvi itoke, uanike, kisha umwekee autafune anapotaka. Asiye karibu na bahari achemshe maganda ya mayai, ayaanike, ayasage, anyunyize kidogo juu ya majani. Lakini kalsiamu bila jua haifanyi kazi. Mwili wa kobe hutengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua unaomwangukia moja kwa moja. Wa kupitia kioo cha dirisha hautoshi. Kobe anayefungiwa kwenye katoni chini ya kitanda atalegea gamba hata umlishe nini. Anahitaji jua la asubuhi, na kivuli cha kukimbilia jua likiwa kali.

Mlisheni juu ya jiwe bapa, msimmwagie majani kwenye mchanga, kwa sababu mchanga huingia tumboni ukajaa. Jiwe pia humsaidia kunoa mdomo usirefuke. Maji yawe kwenye chombo kipana, kisicho na kina, anachoweza kuingia na kutoka mwenyewe. Akiacha kula siku kadhaa, akitoa ute puani au macho yakivimba, mpigieni afisa wa mifugo wa wadi. Msimtibu kwa dawa za kuku.

Na mikono. Kobe anaweza kubeba vijidudu vya salmonela bila yeye kuugua. Mtoto akimshika kisha akala mandazi bila kunawa, anaweza kuhara vibaya. Watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike kabisa. Sahani yake isioshwe kwenye karai la vyombo vya nyumbani. Walimu, wekeni maji na sabuni karibu na ua wa kobe, si kule kwenye vyoo.

Kuna mwalimu aliyeuliza kabla hatujaanza kama inafaa klabu ya shule kuomba kibali cha kufuga kobe. Kuomba ni haki yenu. Ila mfikirie kwanza kwamba mnyama huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Mwanafunzi wa darasa la nne atamaliza shule, ataoa au ataolewa, na kobe bado yupo. Nani atamlisha likizo ya Desemba? Shule isiyo na jibu la swali hilo ingefanya vyema zaidi kupanda kitalu cha mchunga na hibiskasi kwenye kona ya shamba na kuwapelekea majani wale walio na kibali tayari. Afisi ya kilimo ya kaunti ndogo inaweza kuwashauri kuhusu vipandikizi na udongo.

La mwisho, kwa kuwa mvua zinakaribia na watatoka kwa wingi. Ukimkuta barabarani, simamisha gari mahali salama, mshike kwa mikono miwili pande zote za gamba, umvushe ukiwa umemkaribisha na ardhi, umweke upande ule ule aliokuwa akielekea. Usimgeuze arudi alikotoka, atajaribu tena. Usimwinue juu ukimtikisa, kwa sababu akiogopa hukojoa, na mkojo huo ndio akiba yake ya maji ya kiangazi. Akiwa amegongwa na gamba limepasuka, usimpake chochote. Mfunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji kidogo, muweke kwenye kivuli, na uwaarifu KWS au kituo cha polisi kilicho karibu. Sasa karibuni maswali, tuanze na yule mama wa leso ya samawati.